Hundi ina saini mbili, faili la Excel halina hata moja

Kwa: Wenyeviti, wajumbe wa bodi, mameneja na makatibu wa vyama vya ushirika, SACCOS na makampuni ya Tanga, Muheza, Korogwe na Pangani

Yah: Kuendesha malipo, mikopo na mishahara ya watu kwa faili moja la Excel

Waheshimiwa, salaam.

Kazi yangu ni kupanga vitabu vya hesabu vya watu wengine kabla mkaguzi hajabisha hodi. Napita kwenye ofisi zenu kuanzia Chumbageni hadi Pongwe, na wengine hunifuata hapa Ngamiani wakiwa na laptopu kwapani. Haya ninayoyaandika nimeshayasema kwa mdomo kwa wengi wenu, tukacheka, tukaagana. Nimeamua kuyaweka kwenye karatasi kwa sababu ya mdomoni hayaingii kwenye kumbukumbu za kikao.

Hundi ya chama haitoki bila saini mbili. Mwenyekiti akiwa safarini Dodoma, hundi inamngoja. Mwanachama akiomba mkopo, fomu inapita kwa wadhamini, inapita kwa kamati ya mikopo, inapita kwa meneja. Hata vikinunuliwa viti vya plastiki vya mkutano mkuu, zinatakiwa profoma tatu. Sawa kabisa, ndivyo inavyotakiwa. Lakini ile orodha inayosema nani alipwe shilingi ngapi, ambayo hundi inaifuata tu kama mkia, iko kwenye faili la Excel, ndani ya laptopu moja, mikononi mwa karani mmoja. Yeyote anayeweza kulifungua faili hilo anaweza kugeuza 140 ikawa 410, akalifunga, akaenda kunywa chai, na hakuna alama itakayobaki ya kuonyesha kwamba palikuwa na 140. Hapo saini zenu mbili zinathibitisha nini?

Sina ugomvi na Excel. Naitumia kutwa, na bila hiyo nisingekula. Programu za aina hii zilianza mwaka 1979 kwa VisiCalc, waliyoitengeneza Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston. Excel yenyewe ikafuata mwaka 1985. Zilitengenezwa ili mtu aweze kubadili namba moja na kuona nyingine zote zinavyocheza. Ukitaka kujua bei ya maziwa ikipanda shilingi 50 chama kitabakiwa na nini, au ukitaka kupanga bajeti ya harusi, sijaona chombo kizuri zaidi. Ni chombo cha kupigia hesabu. Mambo yalianza kwenda kombo pale tulipokifanya kuwa mahali pa kutunzia hesabu, tena hesabu za watu elfu na ushei ambao hawajawahi kuliona hilo faili.

Nitoe mfano wa chama kimoja cha wafugaji, sitakitaja. Asubuhi maziwa yanaletwa kituoni kwa baiskeli na bodaboda. Karani wa kituo anapima ubora kwa laktomita, anaandika lita kwenye daftari lake na kwenye kadi ya mfugaji. Ikifika nusu ya mwezi madaftari yanakusanywa, yanaletwa ofisini, yanachapwa kwenye Excel: namba ya mwanachama, jina, lita, bei, makato ya pumba na mashudu, makato ya mkopo, kinachobaki mkononi. Siku moja ikaonekana orodha ingependeza zaidi ikipangwa kwa alfabeti kabla ya kwenda benki. Karani akaichagua kolamu ya majina peke yake, akaamuru ipangwe. Excel ikamuuliza, ipange na kolamu za pembeni? Ilikuwa jioni, umeme umekatika, chaji inaelekea ukingoni. Akabonyeza endelea hivyo hivyo.

Majina yakapanda na kushuka. Lita zikabaki palepale zilipokuwa.

Mama mwenye ng'ombe mmoja akajikuta na lita za mzee mwenye ng'ombe wanane. Mzee akapewa za kijana ambaye ng'ombe wake alikuwa amekauka. Mwenye mkopo makato yakamkwepa, asiye na mkopo akakatwa. Na jumla iliyokuwa chini ya ukurasa haikubadilika hata senti, kwa sababu lita zilikuwa zile zile na fedha ile ile. Wenyewe tu ndio waliobadilishwa. Meneja akaangalia jumla, akaona inalingana na fedha iliyoingia kutoka kwa mnunuzi, akasaini. Mwenyekiti akasaini. Benki ikalipa.

Waliopunjwa walikuja asubuhi na kadi zao. Waliozidishiwa, kama mnavyowajua binadamu, hawakuja. Kuzirudisha zile fedha kulileta maneno ambayo hayajaisha hadi leo, na wapo wafugaji walioanza kuuza maziwa mitaani kwa sababu hawaamini tena kwamba ofisi haikuwa na njama. Hakukuwa na njama. Kulikuwa na mtu aliyechoka na kitufe kimoja.

Nimekaa kwenye mfano huu kwa sababu wengi wenu mkisikia hatari ya Excel mnawaza wizi. Wizi upo, nao unapita kwenye tundu hilo hilo: mwanachama hewa mmoja akiingizwa katikati ya mamia, nani atamwona? Lakini mengi ninayokutana nayo hayana mwizi ndani yake. Ni mambo madogo ambayo Excel inayafanya kimya kimya, ikidhani inatusaidia.

Chukueni ile desturi yetu ya kuandika fedha na mkwaju mwishoni, 4500/=. Kwenye vocha ya karatasi ni jambo jema, inamzuia mtu asiongeze sifuri. Ukiichapa hivyo hivyo kwenye kiboksi cha Excel, hiyo si namba tena, ni maneno. Fomula ya kujumlisha ikifika pale inaruka, haipigi kelele, inaendelea na inayofuata. Nimeona ukurasa wa michango ambao macho yanakuhakikishia fedha ipo, jumla inasema haipo, na mweka hazina ameshaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Sababu ilikuwa makarani wawili, mmoja wa kuchapa namba tupu, mwingine aliyelelewa kwenye vocha.

Au chukueni namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba, basi. Ukiichapa namba ya NIDA bila kukiambia kwanza kiboksi kwamba hayo ni maneno, kwanza inakuonyesha kitu kama 1.98E+19, na ukiifungua vizuri unakuta tarakimu tano za mwisho zimegeuka sifuri. Hazijafichwa, zimepotea, na hakuna wa kuzirudisha isipokuwa mwenye kitambulisho. Kuna chama kilikusanya namba za wanachama wake wote kwa kuwafuata vijijini, kazi ya jasho, ikachapwa yote kwa mtindo huo, na fomu za karatasi zikatupwa maana "zimeshaingia kwenye mfumo". Mfumo gani?

Tarehe nazo zina yake. Laptopu nyingi zinauzwa zikiwa zimewekewa mpangilio wa Kimarekani, mwezi mbele, siku nyuma. Sisi tukiandika 3/7 tuna maana ya tarehe tatu Julai. Yenyewe inasoma tarehe saba Machi. Ukiandika 25/7 inashindwa, maana hakuna mwezi wa 25, inaiacha kama maneno. Kwa hiyo ndani ya kolamu moja tarehe za mwanzo wa mwezi zimehamia miezi mingine na za mwisho wa mwezi hazihesabiki kabisa. Fikirieni hiyo ndiyo kolamu ya tarehe za marejesho ya mikopo, na faini za kuchelewa zinatoka humo.

Kwenye maduka mengi ya mjini hapa mtaona kibao ukutani: Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee waliosema hivyo daftari walilolijua lilikuwa la wino. Waliopata kufanya kazi kwenye ofisi za mashamba ya mkonge watakumbuka sheria ya leja: hakuna kufuta, hakuna kupaka rangi nyeupe, hakuna kuchana ukurasa. Ukikosea unapiga mstari mmoja ili kosa lisomeke, unaandika sahihi juu yake, unatia herufi za jina lako pembeni. Leja ilikuwa nzito, inachosha mkono na inakula vumbi, na kujumlisha ukurasa kulimaliza asubuhi nzima. Lakini miaka kumi baadaye ungeweza kuuliza nani alibadilisha namba hii, na ukurasa ungekujibu. Tuliibadilisha leja kwa Excel tukapata kasi, na ule uwezo wa ukurasa kujibu tukauacha kwenye stoo pamoja na leja zenyewe. Sikumbuki bodi yoyote ikikaa kulijadili hilo. Lilitokea tu, laptopu ilipofika.

Najua mmoja wenu atasema haya ni ya kwetu, ya makarani wa mshahara mdogo na umeme wa kukatika. Hapana.

Mwaka 2020, wakati wa korona (ya ugonjwa, si korona yetu ya kuchakata mkonge), taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilikuwa ikipokea majibu ya vipimo kutoka maabara na kuyapitisha kwenye mafaili ya Excel ya mtindo wa zamani. Faili la mtindo ule lina mwisho wa mistari 65,536. La mtindo mpya, ambao umekuwapo tangu 2007, linafika 1,048,576. Kila mgonjwa alikuwa anachukua mistari kadhaa, kwa hiyo faili lilijaa baada ya wagonjwa kama 1,400, na waliobaki wakadondokea nje. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye hesabu ya taifa. Wenyewe walipewa majibu yao. Waliokaa nao, waliosafiri nao na waliofanya kazi nao ndio hawakutafutwa kwa wakati. Nchi tajiri, wataalamu wa kutosha, umeme haukatiki. Na hakuna aliyefanya uzembe wa kulala kazini. Faili lilijaa, basi, likanyamaza.

Mwaka 2012 JPMorgan, benki kubwa ya Marekani, ilipoteza zaidi ya dola bilioni 6 kwenye biashara zilizofanywa na ofisi yake ya London. Hasara ile haikuletwa na Excel peke yake, tusiisingizie. Ila ripoti ya benki yenyewe, iliyotoka Januari 2013, ilisema kipimo chao kipya cha hatari kilikuwa kinaendeshwa kwa mafaili ya Excel yaliyojazwa kwa mkono, kukopi huku na kupesti kule, na kwamba pahali pamoja fomula iligawanya kwa jumla ya namba mbili badala ya wastani wake. Hatari ikaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Wakubwa waliosoma taarifa ile hawakuwa wanasoma hali ya biashara yao; walikuwa wanasoma fomula ya mtu ambayo hakuna aliyeikagua. Nanyi kila robo mwaka mnasoma nini?

Nirudi nyumbani. Katika ofisi zenu nikiuliza faili la malipo liko wapi, jibu la kwanza huwa jina la mtu. "Hilo analo Halima." Halima akiwa likizo ya uzazi, malipo yanachelewa. Halima akiolewa Mwanza, faili linakwenda Mwanza, na neno la siri la kulifungua linakwenda nalo. Huku nyuma yanabaki yale aliyoyatuma kwa WhatsApp: MALIPO MPYA, MALIPO MPYA FINAL, MALIPO FINAL SAHIHI 2, MALIPO TUMIA HII. Meneja ana moja, mhasibu ana nyingine, fleshi iliyo kwenye droo ina ya tatu yenye virusi. Nikiuliza ipi ndiyo yenyewe, watu wanaangaliana. Taasisi ya miaka thelathini, yenye katiba, yenye mhuri, yenye hati ya kiwanja, inashikiliwa na kumbukumbu ya mtu mmoja kuhusu faili gani lilikuwa la mwisho.

Na Halima wa watu hana kosa. Alikabidhiwa laptopu, hakukabidhiwa utaratibu. Fomula alizikuta, alizirithi kwa kijana aliyekuwapo kabla yake, naye kijana alizitoa chuoni. Ndani ya fomula hizo kuna namba zilizochapwa moja kwa moja, hazionekani mpaka ubonyeze kiboksi. SDL, ile tozo ya kuendeleza ufundi stadi anayolipa mwajiri juu ya mishahara, iliposhushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 mwaka 2023, kuna sehemu ilirekebishwa kwenye shiti ya Julai na haikurekebishwa kwenye shiti ya muhtasari, mishahara ikaonyesha kitu kimoja na ripoti ya bodi kitu kingine. Bodi ilipitisha ripoti.

Mawakala wa forodha nao sitawasahau. Tangu bandari yetu ilipoongezwa kina na meli zikaanza kufunga gatini badala ya kushusha mzigo kwa matishari, kazi imewazidi, na wengi bado wanafuatilia siku za bure za makontena, zile ambazo kontena linakaa bandarini bila kulipiwa, kwenye kurasa za Excel zilizotosha enzi zile za mzigo mdogo. Mteja akilipishwa siku ambazo zingeweza kuepukwa, lawama inaishia kwa bandari.

Kuna jambo moja zaidi linaloniumiza kichwa, na hili lina sheria. Mafaili yenu yana majina ya watu, namba za NIDA, namba za simu, akaunti za benki, madeni yao. Yanapita kwenye makundi ya WhatsApp kama picha za arusi. Wengi mnaamini kolamu ikifichwa imefichika, na shiti ikiwekewa neno la siri imefungwa. Kuficha kolamu ni sawa na kuvuta pazia. Yeyote aliyepewa faili anaweza kulivuta arudishe. Agosti 2023 polisi wa Ireland Kaskazini walijibu ombi la taarifa kwa kutoa faili la Excel. Nyuma ya shiti iliyoonekana palikuwa na nyingine iliyofichwa, yenye majina ya ukoo, vyeo na vituo vya kazi vya askari na watumishi wao karibu 9,500, katika nchi ambayo askari ana sababu za kutotaka kujulikana anafanya kazi wapi. Walitozwa faini ya pauni 750,000. Kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Haisemi kwamba chama kidogo kimesamehewa kwa sababu karani alikuwa na haraka.

Nawaomba nini, basi? Si kununua kitu, kwanza.

Kwenye kikao kijacho, bodi yenyewe ichague wanachama watatu, si meneja awachague. Karani afungue faili mbele yenu. Mwanachama wa kwanza: kadi yake inasema lita ngapi? Daftari la kituo? Excel? Orodha iliyokwenda benki? Mfuateni mpaka shilingi ya mwisho. Kisha wa pili, kisha wa tatu. Hamhitaji kujua kompyuta, mnahitaji kujua kusoma namba na kutoogopa kuuliza "hii imetoka wapi?" Kama mngefanya hivyo kwa mtu mmoja tu kwenye kile chama nilichokisimulia, yule mama mwenye ng'ombe mmoja angewaambia kila kitu kabla benki haijafunguliwa. Na pale penye jumla, linganisheni jumla zilizoandikwa na watu tofauti: lita za madaftari ya vituo, lita za Excel, lita alizokiri mnunuzi kuzipokea. Jumla ya Excel kulinganishwa na jumla nyingine ya Excel hiyo hiyo si ukaguzi, ni mtu kujishuhudia.

Anayechapa asiwe anayeidhinisha. Malipo yakishatoka, orodha ichapishwe, watia saini waweke herufi zao kwenye kila ukurasa, na nakala ya faili ihifadhiwe mahali ambapo karani anaweza kuisoma lakini hawezi kuibadilisha. Ni ile sheria ya leja, tumeirudisha kwa mlango wa nyuma. Awepo mtu wa pili anayejua kulifungua faili na kuliendesha, na alifanye kweli angalau mara moja Halima akiwa bado yupo. Viwango vyote, bei ya lita, riba, makato, vikae sehemu moja inayoonekana, si ndani ya fomula.

Kwa SACCOS zenye akiba na mikopo ya mamia ya watu sina maneno ya kupoza: ondokeni kwenye Excel. Tafuteni mfumo unaoandika wenyewe nani amebadilisha nini na saa ngapi, na usiomruhusu mtu kufuta muamala bali kuurekebisha kwa muamala mwingine. Wala msidhani MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika wa kusimamia vyama, utawasafishia faili. Unapokea kile mnachoingiza, na kama kimetoka kwenye faili bovu kitaingia kikiwa kibovu, ila sasa kina heshima ya kuwa serikalini. Kabla hamjasaini mkataba na muuzaji wa mfumo, muulizeni mambo mawili: tukiachana, kumbukumbu zetu tutazipataje? Na nakala rudufu inawekwa na nani, wapi? Akianza kuzungukazunguka, mshukuruni kwa kuja. Halafu mkishahamia, lile faili la zamani lifungwe kweli. Nimeona ofisi imelipia mfumo, na karani bado anaendesha Excel pembeni "kwa uhakika", kisha anaingiza majibu kwenye mfumo mwisho wa mwezi. Hapo mmelipia leja ya pili ya kunakilia makosa ya ile ya kwanza.

Mtasema fedha hakuna. Waheshimiwa, mimi ndiye ninayepanga vocha za posho za vikao. Tuliache hapo.

Lingine ambalo halina gharama lakini ni gumu kuliko yote: karani akileta kosa aliloligundua mwenyewe, msimfukuze. Kwenye ofisi zenu nyingi kosa likionekana swali la kwanza ni nani, na barua ya onyo inachapwa siku hiyo hiyo, kwenye kompyuta ile ile. Anayekuja baada yake anajifunza haraka. Akiona tofauti ya shilingi 37,000 hatakuja kwenu. Atatafuta kiboksi cha kuifichia, mara nyingi kinaitwa "marekebisho" au "mengineyo". Mwaka unaofuata tofauti imezaa wajukuu. Mficha uchi hazai, na ninyi ndio mnaowafundisha vijana kuuficha. Nikikuta chama ambacho karani anasema wazi "hapa nilikosea mwezi wa nne, nikamwambia meneja, tukarekebisha hivi", huwa namaliza kazi mapema na bili yangu inakuwa ndogo. Najisemea hasara mwenyewe, lakini ndiyo hali.

Mwisho wa yote ni ombi la utaratibu. Ajenda hii msiiweke kwenye mengineyo. Tunajua wote mengineyo inafika saa ngapi: soda zimeshagawiwa, mjumbe wa Pangani anaangalia saa asije akakosa gari, mwenyekiti anasema "hilo tumelipokea". Iwekwe kabla ya taarifa ya mapato na matumizi, laptopu ikiwa mezani imewashwa, na karani mwenyewe awe ndani ya chumba, apewe kiti.

Wenu katika kazi,
Mpanga vitabu wa Ngamiani,
Tanga